Epuka Wanga, Hasa Usiku

Benedicta wa kwaya aliirudisha sare yake ameinyanyua kwa vidole viwili, na Bi Samiha akajua hapohapo kwamba mambo yameharibika. Fundi aliyewashonea nusu ya wakazi wa Kijichi, aliyevisha maharusi na mawakala wa mizigo wa Kurasini, sasa alikuwa ameweka mkono wa kulia upande wa kushoto na wa kushoto upande wa kulia.

"Mama Jawad, mie sitaki tugombane," Benedicta alisema. "Ila hebu angalia mwenyewe. Mikono inatazama nyuma. Nikivaa hii waumini watadhani naimba huku naondoka."

Bi Samiha aliichukua, akaisogeza karibu na pua, akaigeuza. Hakuona kitu. Aliona rangi ya zambarau na ukungu, basi. Akasema atairekebisha, akajichekesha kidogo, na Benedicta alipokwisha kuondoka akakaa juu ya kigoda chake akalia kwa hasira.

Lilikuwa tatizo la mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa yamefunga ukungu, la kulia likiwa limezidi. Lakini Mungu si Athumani, madaktari wageni walikuwa wamepiga kambi hospitalini, wakipasua macho bure kwa wiki tatu. Wakishaondoka, mtu anayetaka kupasuliwa ajitegemee, na bei yake ingemlazimu Bi Samiha kuuza cherehani. Sasa fundi asiye na cherehani anataka macho ya nini?

Kizuizi kilikuwa kimoja tu, sukari. Alikuwa nayo mwaka wa sita. Daktari alimwambia hagusi jicho la mtu ambaye sukari yake haijashuka chini ya kumi.

*

"Kumi na nne nukta mbili," alisema nesi Brightson, kijana mwembamba aliyeongea haraka kama anayekimbiza basi la mwisho. "Mama, hapana. Tukipasua hivi kidonda hakifungi, jicho tunalipoteza. Unarudi Alhamisi ya wiki ya pili kuanzia leo. Ukija na chini ya kumi, unaingia. Ukija na kumi na ushee, nafasi yako anapewa mwingine. Kambi inafungwa Ijumaa yake."

"Dawa nameza, mwanangu. Asubuhi na jioni. Na chai nakunywa bila sukari, mwaka wa sita huu."

"Ishu sio sukari ya chai, mama. Ishu yako wewe, wanga."

Bi Samiha alidhani hakusikia vizuri. "Nini?"

"Wanga. Wanga tupu hapa." Akagonga kadi kwa kalamu.

Bi Samiha alivuta kiti mbele, akateremsha sauti. "Wanga wa wapi, baba?"

"Wa humohumo nyumbani, mama! Wa kila siku. Asubuhi, mchana, jioni. Na usiku ndio balaa kabisa. Wewe umelala zako, huko ndani kazi inafanyika."

"Subhanallah. Na majirani?"

"Aa, majirani ndio usiseme! Huyu kaleta bakuli, yule kaleta sahani, unaona haya kukataa. Kataa, mama. Bora anune." Alikuwa anaandika huku anaongea. "Tatizo letu watu wa Pwani tunapenda mno wanga."

"Mie siwapendi hata kidogo!" alisema Bi Samiha, na aliumia kweli.

Lakini nesi alikuwa ameshainua kichwa na kuita, "Anayefuata!"

Hapo ndipo palipoharibika. Neno lenyewe ni lilelile, nani atamlaumu? Wanga ni huo ulioko kwenye wali na mihogo, na wanga ni hao wanaotembelea nyumba za watu usiku bila nguo. Nesi angesikiliza neno moja tu, lile la "siwapendi", angejua kwamba huyu mama hazungumzii chapati. Hakusikiliza, kwa kuwa nyuma ya Bi Samiha kulikuwa na watu arobaini kwenye foleni, na kila mmoja alikuwa na sukari yake.

*

Nyumbani kadi ilisomwa na wifi yake, Ahlam. Huyu alikuwa dada wa marehemu mumewe Bi Samiha. Alikuja kwa arobaini ya kaka yake, na mwaka huu ulikuwa wa tisa.

"Epuka wanga, hasa usiku," Ahlam alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wifi! Yaani kaandika hivihivi?"

"Soma tena."

"Epuka wanga, hasa usiku. Na muhuri wa hospitali huu hapa."

"Muhuri upo?"

"Upo, wa bluu. Basi mambo yamefika serikalini." Ahlam alikaa chini. "Na mie niliposema mwaka juzi kwamba sukari hii ina mkono wa mtu, nani alinicheka?"

Bi Samiha ndiye aliyemcheka. Alikuwa mtu wa swala zake tano na cherehani yake, mambo haya hakuyapa nafasi sana. Ila mtu akiambiwa jambo na ndugu asiyesomea udaktari ni tofauti na kuambiwa na mtu aliyevaa koti jeupe.

Jioni alimpigia mwanawe Jawad, aliyejenga Mbweni na ndiye aliyemnunulia mashine ya kupimia sukari.

"Nesi kaniambia niepuke wanga," alisema, akisubiri acheke.

"Kweli kabisa, mama," alisema Jawad, huku nyuma mtu anagonga nyundo. "Mie nilikuwaga nakwambia siku zote."

"Lini uliniambia?"

"Kila nikija! Si kila nikija nakuta wanga mezani? Mara ya mwisho nilikaa kimya kwa heshima tu. Sikiliza nesi, mama. Ngoja nikupigie baadaye, mafundi wa vigae wamekuja."

Bi Samiha akaishusha simu taratibu. Mara ya mwisho Jawad alipokuja, mezani alikuwa amekaa nani? Walikuwa watu watatu, yeye mwenyewe, Ahlam, na jirani yao, Mwalimu Atuganile.

"Nesi alitaja bakuli," alisema kwa sauti ndogo.

Ahlam hakuhitaji zaidi ya hapo.

*

Mwalimu Atuganile, Mama Loveness, alikuwa mwanamke wa Tukuyu, mkubwa wa umbo na wa sauti, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Waliishi ukuta kwa ukuta na Bi Samiha mwaka wa kumi na tisa huu, na miaka yote hiyo hawakuzungumza kwa adabu hata siku moja. Mwalimu alimwita Bi Samiha "Malkia wa Uzi Uliokatika". Bi Samiha alimwita "Ubao Mweusi". Kila baada ya siku mbili Mwalimu alipitisha juu ya ukuta bakuli la matembele au mlenda kutoka bustani yake, na bakuli halikurudi tupu. Lilirudi na visheti, au sambusa, au malimao matano.

"Nani mtaa huu anakuwa nje saa tisa za usiku?" Ahlam aliuliza.

"Anateka maji, wifi. Maji yenyewe yanatoka usiku."

"Mtu mzima, na kanga moja kifuani?"

"Anamwagilia mchicha."

"Ndivyo wanavyosema wote," alisema Ahlam.

Kinga ilianza asubuhi yake, Ijumaa. Tende saba kabla ya kutia kitu kingine kinywani, jambo ambalo Bi Samiha alilijua toka madrasa. Ahlam, kwa kuwa kadi ilisema hasa usiku, akaongeza saba za jioni. Asali vijiko viwili kwenye maji ya vuguvugu, kutwa mara mbili. Juu ya yote, marufuku kulala njaa. Ahlam alishikilia kwamba tumbo tupu ndilo mlango wa wanga, kwa hiyo chakula cha usiku kikawa cha kushiba: wali wa nazi leo, mihogo ya nazi kesho, keshokutwa chapati na kuku wa mchuzi. Asubuhi uji wa mchele na vitumbua. Chai, bila sukari. Hapo Bi Samiha hakulegeza, alijua masharti.

Jumapili adhuhuri Mwalimu alipitisha bakuli juu ya ukuta, mlenda na bamia, moshi unafuka.

"Malkia! Pokea kabla mkono haujaniungua!"

Bi Samiha alitoka mlangoni. Kwa ukungu wa macho yake aliona umbo kubwa na mkono ulionyooshwa. Alisikia harufu ya mlenda, na mate yakamjaa.

"Leo hapana, Mwalimu," alisema.

"Hapana nini?"

"Tumepika."

"Mmepika, kwa hiyo? Tangu lini umeacha kula mara mbili?"

"Nimesema hapana, jamani!"

Akaingia ndani. Ahlam ndiye aliyetoka, amebeba bakuli la wiki iliyopita, limeoshwa, tupu. Akaliweka juu ya ukuta bila kusalimia, kisha akanyunyiza chumvi kando ya ukuta mzima kutoka mwanzo mpaka mwisho, taratibu, kila mtu aone. Mama muuza nyanya wa genge la mbele aliona. Mafundi pikipiki waliona. Mwalimu alisimama na mabakuli mawili, moja la moto na moja tupu, kisha akaingia nayo ndani.

Bi Samiha alikuwa nyuma ya pazia. Akajiambia kwamba ni kwa ajili ya jicho.

Mashine, nayo, ilikuwa na yake. Jumatatu asubuhi ilisema kumi na tano. Jumatano, kumi na saba nukta tatu. "Umeona?" alisema Ahlam. "Tumemgusa, anapandisha kwa makusudi." Ijumaa, siku ya nane, Bi Samiha aliamka na kiu isiyokatika na miguu mizito, akajichoma kidole kwa kupapasa, na Ahlam, aliyekuwa amegeuza uso asione damu, akaitazama mashine.

"Ngapi?"

"Kumi na tisa nukta sita."

Bi Samiha alihesabu zilizobaki. Siku sita. Aliuona mkono wa sare ya Benedicta unaotazama nyuma, akaona cherehani inabebwa na mtu asiyemjua kupelekwa kwenye pikipiki, na machozi yakaanza kumtoka kwenye macho yaleyale yasiyofaa kitu.

Ahlam alipoona machozi hayo alijifunga kanga kiunoni akatoka nje.

*

"Mwalimu! Wewe Mwalimu! Mwachie wifi yangu macho yake!"

Mwalimu Atuganile alikuwa ameinama kwenye matuta. Alijinyoosha na kikopo cha maji mkononi. "Nimemshikia macho yapi?"

"Unajua mwenyewe! Sukari kumi na tisa! Umepandisha mpaka umeridhika?"

"Mimi?" Mwalimu alitazama huku na huku. Mama wa genge alikuwa ameshafika, na mafundi pikipiki wawili, spana mkononi. "Ahlam, unaumwa?"

"Hospitali imekuandika! Nesi mwenyewe kakutaja, mpaka bakuli lako kalitaja!"

Mwalimu akaweka kikopo chini.

"Nimeandikwa nini?"

"Kwamba unawanga!"

Watu wakaguna. Mwalimu hakupiga kelele. Alinyoosha mkono juu ya ukuta, uleule aliopitishia bakuli miaka kumi na tisa. "Nipe hiyo kadi."

Bi Samiha alikuwa ametoka, kadi ameishika. Hakutaka kuitoa. Aliitoa.

Mwalimu alishusha miwani kutoka kichwani, akasoma. Akasoma mara ya pili. Kisha akauliza kwa sauti ya darasani, ile isiyo na haraka, "Mama Jawad, unajua mimi nilifundisha somo gani?"

"Sayansi," alisema Bi Samiha.

"Miaka thelathini na moja. Darasa la tatu mpaka la saba. Vyakula vya wanga nimevichora ubaoni mpaka chaki zikaniharibu mapafu." Akamgeukia Ahlam. "Jana usiku mlikula nini?"

"Unataka kujua ya nini?"

"Jibu swali."

Kuna sauti ambayo mtu mzima akiisikia anarudi dawatini bila kupenda. "Wali wa nazi," alisema Ahlam.

"Wanga," alisema Mwalimu. "Juzi?"

"Mihogo."

"Wanga. Siku ya nyuma yake?"

"Chapati. Lakini na kuku!"

"Kuku hana neno. Chapati, wanga. Asubuhi?"

"Uji wa mchele, vitumbua vitatu, na chai haina sukari hata chembe!"

"Wanga, na wanga mara tatu, na chai ya watu wanaojidanganya. Nini tena?"

"Asali. Na tende."

"Dini ya mtu siingilii. Tende ngapi?"

"Saba."

"Saba tu?"

Ahlam alitazama miguu yake. "Saba za asubuhi. Na saba za usiku, kwa ajili ya hasa usiku."

Fundi pikipiki mmoja alishindwa, akacheka mpaka spana ikamdondoka. Mama wa genge akafuata. Mtaa mzima ukashika mbavu. "Mamaa! Wanamkimbia mwanga mmoja, wanapakua wanga sinia zima!" alisema mama wa genge. Kicheko kilimpata Bi Samiha kama maji ya ndoo, na alijua kwamba kabla ya adhuhuri habari itakuwa imefika Mbagala.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mwalimu Atuganile aliikunja kadi palepale ilipokuwa na mkunjo, akairudisha juu ya ukuta, akaokota kikopo chake, akaingia ndani na kufunga mlango.

*

Ilimchukua Bi Samiha mpaka saa kumi za alasiri kuvuka mlango ule. Alikwenda mikono mitupu. Ndani kwake hakukuwa na kitu cha kupeleka kisichokuwa cha unga au cha sukari.

"Hodi."

"Umeshafika."

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, maana Mwalimu alimzidi miaka minne, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa hajapata kumwamkia kwa sababu ya utani.

"Marahaba," alisema Mwalimu. Neno hilo liliwachoma wote wawili.

"Nimekuja kuomba radhi."

Mwalimu alikuwa anachambua matembele. Aliendelea. "Nataka nikuulize kitu kimoja. Saa tisa za usiku, uliponisikia nje, ulidhani nafanya nini?"

"Nilijua unateka maji."

"Ulijua?"

"Miaka yote nilijua. Wiki hii ndiyo niliyoacha kujua." Alijifuta macho kwa kanga. "Niliogopa, Mwalimu. Mie bila macho nitakula nini? Mtu akiwa na woga anapokea chochote anachopewa. Nilikuwa nyuma ya pazia siku ile ya bakuli. Nilitaka kutoka, nikaogopa."

Mwalimu aliweka jani moja kwenye ungo, akachukua jingine. "Loveness ananipigia simu kutoka Mbeya, ameshasikia. Mjukuu wangu anauliza bibi ni mwanga? Ana miaka sita."

Bi Samiha alishika mwimo wa mlango.

"Radhi yako nimeisikia," alisema Mwalimu mwishowe. "Sasa hivi sina mahali pa kuiweka. Lakini hiyo sukari haina muda wa kunisubiri nipoe. Siku ngapi?"

"Sita."

"Dawa unaendelea kumeza?"

"Sijaacha hata siku moja."

"Angalau. Kwanza kesho asubuhi unakwenda zahanati, uwaambie kumi na tisa, wakuangalie. Halafu sikiliza. Sahani yako nusu nzima iwe mboga. Samaki, dagaa, yai, kiganja kimoja. Ugali wa dona, ngumi moja, ngumi yako sio yangu. Mchana tu. Usiku mboga na samaki, basi. Juisi hapana. Embe hapana."

"Hata ndizi mbivu?"

"Mama Jawad."

"Basi, nimeuliza tu."

"Ukishakula usikae kwenye cherehani, tembea mpaka msikitini na kurudi. Mboga nitapika mimi, maana huyo wifi yako hata mchicha ataukaangia maandazi. Nitapitisha ukutani." Akanyanyua uso kwa mara ya kwanza. "Lakini usiniite Ubao Mweusi. Na mimi sikuiti chochote. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana," alisema Bi Samiha, akarudi nyumbani ameinamisha kichwa.

*

Basi zikawa siku za mboga. Bakuli lilikuja kila adhuhuri na kila jioni: mlenda, bamia, matembele, mchicha wa karanga kidogo, biringani na dagaa. Lilikuja bila neno. Mkono ulitokea juu ya ukuta, ukaliacha, ukaondoka. Chakula kilikuwa na chumvi yake na ndimu yake, ila Bi Samiha alikila kama mtu anayekula msibani.

Zahanati walimpima, wakamwongezea dawa kidogo, wakamwambia arudi akizidiwa. Hakuzidiwa. Ahlam, ambaye aibu ilikuwa imempunguza sauti, alipeleka tende kwa watoto wa madrasa na kuanza kumpima ngumi ya ugali wifi yake kwa ukali wa askari magereza.

"Ngumi umeivimbisha, wifi. Ikunje vizuri."

"Nimeikunja!"

"Dole gumba liko nje. Liingize."

Kumi na sita. Kumi na nne. Kumi na mbili nukta nane. Kumi na moja na kidogo. Jumatano asubuhi, kumi nukta nne.

"Bado nukta tano," alisema Ahlam.

"Nne na moja ya juu," alisema Bi Samiha, asiyekosea hesabu za vipimo. Siku ile alitembea mpaka msikitini na kurudi mara sita, mpaka imamu akamtuma mtu kuuliza kama amepotea.

Alhamisi palitokea kizaazaa kingine. Mgonjwa wa jicho sharti awe na mtu wa kumsindikiza na kulala hospitalini kumwangalia, na Ahlam akiona damu huanguka. Alishaanguka mara mbili kwa tone la kidoleni tu. Bajaji ilikuwa inanguruma nje, Ahlam amekaa kwenye ngazi anajipepea, Bi Samiha ana mfuko wa nguo mkononi na hajui amwite nani.

Mlango wa pili ukafunguka. Mwalimu Atuganile alitoka na suti yake ya kijani ya mahafali, mkoba begani.

"Twende," alisema, akaingia kwenye bajaji, akajaza robo tatu ya kiti.

Njia nzima hawakuzungumza.

Nesi Brightson alikuwa na foleni yake ya siku zote. Alimchoma Bi Samiha kidole, akaweka tone, akageuka kumfokea mtu mwingine. Mashine ilihesabu. Bi Samiha hakuweza kuisoma. Alimsikia Mwalimu anapumua kwa nguvu ubavuni kwake.

"Ngapi?" alinong'ona. "Mwalimu, ngapi?"

"Tisa," alisema Mwalimu. "Nukta saba. Umeingia."

Bi Samiha alishika meza ya nesi kwa mikono miwili. Brightson akatazama, akanyanyua nyusi. "Haa! Mama, umefanyaje?"

"Nimeepuka wanga," alisema Bi Samiha.

"Si nilikwambia mie? Watu wakisikiliza maelekezo, hamna shida kabisa." Akagonga muhuri. "Anayefuata!"

Mwalimu alitazama dari muda mrefu sana.

*

Jicho la kulia lilipasuliwa alasiri ileile. Usiku Mwalimu alilala kwenye kiti kando ya kitanda, kwa kuwa ndio utaratibu. Alimpa maji alipotaka maji, akamshika mkono kumpeleka chooni, akamwambia "taratibu" na "kuna ngazi" na hakumwambia kingine. Bi Samiha alilala akiwaza kwamba jicho anaweza kulipata na bado akawa amepoteza kitu ambacho hakuna kambi ya madaktari inayokirudisha.

Asubuhi daktari alipita, mama mmoja mgeni mwenye Kiswahili cha kujifunza kitabuni, pamoja na kundi la wanafunzi. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Mwalimu alisimama miguuni, mkoba kifuani, nyuma yake dirisha.

"Sasa mama, tunafungua. Usiogope. Fungua jicho polepole."

Bandeji ilibanduka. Bi Samiha alifungua jicho. Kwanza palikuwa na weupe, weupe mwingi unaouma, halafu ukaanza kujikata, ukapata kingo, na katikati yake kitu kikubwa cha kijani kikasimama.

"Unaona nini?" daktari aliuliza.

"Naona mwanga," alisema Bi Samiha.

"Vizuri sana! Mwanga mdogo au mkubwa?"

"Mkubwa, daktari. Mkubwa kwelikweli, huu hapa mbele yangu."

Wanafunzi waliandika. Kisha kitu cha kijani kikapata vifungo, kikapata mkoba, kikapata uso, na uso ule ulikuwa wa Mwalimu Atuganile, kila kunyanzi mahali pake, unamtazama. Ndipo Bi Samiha aliposikia alichokisema. Akajiinua kwenye mto.

"Mwalimu, wallahi, sio..."

"Mkubwa tena?" alisema Mwalimu. "Mbele ya madaktari?"

"Nilimaanisha mwanga wa dirishani!"

"Muda wote huu hujaniona sawasawa, jicho limefunguka saa hii, la kwanza unalosema ni hilo." Mdomo wa Mwalimu ulikuwa umeanza kucheza upande mmoja. "Shona vizuri maneno yako, Malkia wa Uzi Uliokatika."

Bi Samiha alilisikia jina lile, na kabla hajajizuia alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mwalimu naye tumbo likaanza kumtikisika ndani ya suti ya mahafali, akajishikilia kwenye chuma cha kitanda, na sauti ilipomtoka wagonjwa wa wodi nzima wakageuka na bandeji zao kutafuta kuna nini.

"Hapana, hapana, jicho bado bichi!" daktari alisema, amenyanyua mikono. "Tafadhali, msicheke!"

Hawakumsikia. Mwalimu alikuwa ameshavuta kiti mpaka usawa wa mto, amekaa, anajifuta machozi kwa pembe ya shuka ya hospitali.